Makapera Waliokataa Kufungua Kinywa

Mtu akiniambia vijana wa siku hizi hawajali mambo ya kale, namcheka mpaka kitenge kinilegee kiunoni. Aje hapa Nyakabiga, Bujumbura, akae dukani kwangu nusu siku. Atamwona kijana mwenye simu mbili, anaongea na watu wa Dubai huku anatafuna, suruali imembana mpaka unamwonea huruma. Kijana huyohuyo, mguse kwenye habari za damu na ndoa, atageuka babu yake mbele ya macho yako. Nayajua haya kwa sababu yalinikuta mimi, Marguerite, muuza vitenge, na nusura yanipokonye mtoto.

Mtoto mwenyewe ni Benite, binti wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye shangazi yake, na kwetu shangazi si mtu wa kuja kula sikukuu na kuondoka. Shangazi ndiye anayeulizwa. Benite alikuwa anasoma chuo kikuu, anakaa Mutanga Sud na wenzake, alipoanza kuchoka ovyo na kutokwa damu puani. Tukasema malaria, kama tunavyosema juu ya kila kitu. Haikuwa malaria. Ilikuwa kansa ya damu.

Alipewa dawa kali, zikamnyoa nywele zote, ugonjwa ukalala. Lakini daktari alituambia tusicheze ngoma bado: umelala, haujafa. Ili ufe kabisa, Benite apate mtu wa kumgawia zile chembe zinazokaa ndani ya mifupa na kuzaa damu. Hospitali ya kumtibu tuliipata, iko India. Aliyekosekana ni mtu. Kaka zake wawili walipimwa, wakakutwa wanafanana wao kwa wao kama mapacha, na dada yao hafanani na hata mmoja. Nilitamani kuwachapa, ingawa najua hawakujichagulia.

Ndipo akaja Docteur Elvire. Huyu ni binti wa Bukavu kama sisi, anafanya kazi Ubelgiji, na yeye na wenzake wana chama kinachosajili watu wa kutoa chembe hizo. Alikuja kwa majuma machache tu. Alinieleza akiwa amekaa hapa dukani kwenye kiti cha wateja: mara nyingi mtu hufanana chembe na watu wa asili yake. Wazungu wamejiandikisha kwa mamilioni, kwa hiyo Mzungu akiugua anatafutiwa baharini. Mushi, mtu wa kabila letu la Bukavu, akiugua anatafutiwa kwenye kikombe. Na sisi Washi hapa Bujumbura ni wachache hata ukitukusanya wote, tuliovuka mpaka na vitenge na waliovuka na vita mgongoni.

"Nipe bijana, Mama Marguerite," akasema. "Bijana bingi, wenye afya. Kazi ingine niachie mi."

Vijana? Nikacheka moyoni. Vijana ninao wa kujaza gari. Maana Benite, pamoja na kipara chake, alikuwa mrembo kupita kiasi kinachohitajika. Kila kapera wa kwetu, kuanzia Nyakabiga mpaka Kamenge, alikuwa na shauri naye. Walikuwa wakija dukani kuulizia bei ya vitenge ambavyo hawana mke wa kumvisha.

Basi Jumapili baada ya misa tukakusanyika katika sali, ukumbi wa parokia. Makapera walijaa mbele. Docteur Elvire akaeleza vizuri: kwanza ni kijiti cha pamba tu, unafungua kinywa, anasugua shavu kwa ndani, kwisha. Ukikutwa unafanana na mgonjwa, mara nyingi wanakuchoma sindano za kuzidisha chembe kwa siku chache, kisha wanazichuja kutoka mkononi kwa mashine. Mara chache wanazitoa kwenye mfupa wa nyonga ukiwa umelazwa usingizi. Uti wa mgongo hauguswi. Mwili unatengeneza nyingine baada ya muda mfupi, kama kisima kinavyojaa tena.

Makapera wakatikisa vichwa, kila mmoja akitaka aonekane anatikisa zaidi. Vainqueur, yule fundi wa simu wa Kamenge anayejipaka mafuta mpaka nzi wanateleza, akasimama.

"Docteur, na kiisha pale? Damu ya Benite itakuwa ya nani?"

Docteur Elvire akatabasamu. Msomi akipenda kusema kweli, hakuna wa kumzuia. "Itakuwa ya kwako. Asilimia mia. Hata groupe ya damu yake inaweza kugeuka, ifanane na ya kwako."

Yeye alidhani ametoa habari njema. Makapera waliacha kutikisa vichwa. Mzee Cirimwami akashika fimbo yake, akainuka polepole.

Mzee Cirimwami ndiye mkubwa wa chama chetu cha watu wa Bukavu. Kwenye posa, misiba na magomvi ya urithi, neno lake ndilo la mwisho, na yeye mwenyewe analijua hilo kuliko wote. "Zamani," akasema, "mutu na mutu walikuwa banachanjiana. Tone moja tu la damu, banakuwa ndugu. Batoto yabo habaoane, mpaka leo. Sasa hii ya docteur si tone. Ni damu yote."

"Donc, Mzee, maana yake nini?" Vainqueur akauliza, na sauti ilikuwa imepungua nguvu.

"Donc mwenye kumupa Benite anakuwa kaka yake wa tumbo moja. Amupe, ni vizuri. Lakini kumuoa, apana. Ni mwiko."

Jumamosi iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya vijiti. Docteur Elvire alipanga meza, akavaa glovu, akangoja. Wakaja akina mama wa kwaya, nikashukuru. Wakaja wanaume wenye wake zao, wachache. Wakaja wazee wengi sana, wenye moyo wa dhahabu na magoti mabovu, na docteur akawa na kazi ya kuwarudisha kwa upole, maana chama chake hakisajili waliopita miaka arobaini. Mmoja asiye na jino hata moja aliapa kwamba ana thelathini na minane.

Makapera je? Walikuwepo. Wote. Walikuwa nje, wameegemea ukuta, mashati yamepigwa pasi, manukato yananuka mpaka barabarani. Nikawatokea.

"Ninyi muko hapa juu ya nini?"

"Tumekuya kumusalimia Benite, shangazi," Vainqueur akajibu kwa wote.

"Ingieni basi. Kijiti kinangoja."

"Apana, shangazi. Mi namutakia afya sana. Lakini sitaki kuwa kaka yake." Wenzake wakaguna kukubali, na mmoja akamsukuma mwenzake: "Ingia we! We hauna bahati na yeye hata hivi!" Yule naye akajibu, "Ingia we mwenyewe, mi nitakuita shemeji!"

Nilisimama pale nikiwatazama, nikaelewa. Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake awe kaka ili yeye awe bwana. Walikuwa tayari kumpenda mtoto wangu akiwa mzima, baada ya kuponywa na mtu mwingine. Kulikuwa na fagio karibu, na namshukuru Mungu kwamba Benite alitoka kabla sijalishika.

Aliwatazama wote, akarekebisha kitambaa chake kichwani, akacheka. "Shangazi, angalia. Nikikufa, nitazikwa na bachumba wengi kushinda malkia."

Makapera wakacheka naye. Mimi sikucheka. Usiku ule niliwaza mpaka kichwa kikauma, maana docteur alikuwa amebakiza juma moja tu, na ugonjwa uliolala hauna saa ya kuamka. Kubishana na mila sikuweza, na wala sikutaka, mila yetu naipenda. Nikaona dawa ni kumuuliza mwenye mila swali moja, mbele za watu. Kabla ya hapo nilipita kwa mke wake, Mama Scholastique, anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, nikamnong'oneza. Alicheka mpaka akakaa chini katikati ya ndagala zake.

Kesho yake Jumapili, baada ya misa, niliomba nafasi katika sali ile ile. Nikapiga goti kidogo, kwa heshima zote.

"Mzee wetu, ile sheria ya damu, ni ya bijana tu, ao ni ya batu yote?"

"Sheria ni sheria, Mama Marguerite. Damu haichague mutu."

"Aksanti sana. Sasa, ile mwaka balikupasua ngiri, ukapoteza damu mingi, tukalia tukisema Mzee ameenda. Nani alikupatia damu?"

Mzee akakohoa. Akatazama dari, akatazama fimbo. Lakini Mama Scholastique alikuwa ameshasimama, anafunga kitenge chake vizuri kama mtu anayetaka kucheza.

"Ni mi," akasema. "Pochi muzima ya damu. Muganga alisema damu yetu inapatana. Na kiisha pale, nyinyi wote ni mashahidi, nilimuzalia Olga, na kiisha Olga, mapacha."

Sali ililipuka. Akina mama wa kwaya walianguka mabegani mwa wenzao. Mtu fulani nyuma akapiga kelele, "Mzee alioa dada yake!" na mwingine akamjibu, "Na hakuachia pale!" Hata padri, aliyekuwa anapita mlangoni akijifanya hasikii, alilazimika kuchuchumaa afunge kamba za viatu visivyo na kamba.

Mzee Cirimwami alingoja kelele zipungue. Si mtu wa kukimbia. "Ile ilikuwa damu ya mukono," akasema. "Hii ni ya mufupa."

"Docteur," nikageuka, "damu ya mukono inatengenezwa wapi?"

"Ndani ya mufupa, Mzee. Yote."

Mzee akamtazama mkewe. Mama Scholastique akamtazama mumewe. "Sawa," mama akasema. "Kama mi ni dada yako, tangu leo kaka yangu atajipikia ugali."

Hapo ndipo nilipomheshimu yule mzee kuliko siku zote. Angeweza kukasirika, akavunja kikao. Badala yake alikaa, akafikiri kweli, uso umekunjamana, na alipoinuka hakuna aliyecheka.

"Nilihukumu mbio mbio," akasema. "Kuchanjiana kunataka batu wawili. Huyu anakunywa ya huyu, huyu anakunywa ya huyu, na kiapo juu yake. Hapa mumoja anatoa, mwingine anapokea, hakuna kiapo, hakuna kurudishiana. Hiyo si kuchanjiana. Hiyo ni zawadi. Na zawadi haikataze ndoa." Akamgeukia mkewe. "Na mi ningali na njaa ya ugali ya Mama Scholastique."

Mungu anisamehe, sijawahi kuona watu wakikanyagana hivyo kwa ajili ya pamba. Makapera walifika mezani kwa pamoja, vinywa vimeshafunguliwa tangu mlangoni. Vainqueur alisuguliwa shavu la kulia, akaomba na la kushoto lisuguliwe vizuri, isije ikawa bahati imekaa upande ule. Docteur Elvire aliondoka na begi zima la vijiti, ananikumbatia na kulia. Mimi nikaanza kungoja.

Tulingoja kipindi kirefu. Benite alikuwa akija dukani kunisaidia kukunja vitenge siku alizokuwa na nguvu, na siku ambazo hakuwa nazo alikaa nyuma ya pazia na kuniambia ninavyovikunja vibaya. Simu yake ikilia, mimi ndiye niliyeruka. Mara nyingi alikuwa kapera.

Halafu mchana mmoja Vainqueur akashuka kwenye pikipiki mbele ya duka kabla haijasimama vizuri. "Shangazi! Bameniita! Bamesema nafanana!"

Sikungoja neno jingine. Nilipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa jirani akatoka na futi yake shingoni, naye akapiga. Wauza mboga wakaacha mboga. Nilikuwa nimemkumbatia Vainqueur, namzungusha, na yeye amenyanyua mikono juu anasema ngojeni, ngojeni kwanza, na hakuna aliyengoja.

"Si Benite, shangazi," akasema mwishowe. "Nafanana na mutu mwingine. Mutoto mwanaume, ana miaka saba. Iko mbali. Habaseme wapi, habaseme hata jina."

Wauza mboga wakarudi kwenye mboga. Nikamwachia. Nitasema wazi nilivyojisikia: nilikasirika. Nilimkasirikia mtoto wa miaka saba ambaye sijawahi kumwona. Niliona kana kwamba amepita dirishani akala chakula nilichompikia wangu.

Vainqueur akakaa kwenye kiti cha wateja, amenywea. "Mi nilifungua kinywa juu ya Benite. Huyu mutoto simujue. Nifunge kazi, niende Nairobi kwenye hospitali bamechagua, banichome masindano, juu ya mutu asiye na jina? Shangazi, we unasema nini?"

Kwetu shangazi ndiye anayeulizwa. Nikamjibu. "Usiende. Kwanza wetu apone. Dunia ni kubwa, huyo batamutafutia mwingine."

Pazia likafunguka. Benite alikuwa nyuma yake muda wote, kitenge kimoja bado mkononi hajamaliza kukikunja. Msichana huyu alitania alipotolewa nywele, alitania alipotapika siku nzima. Safari hii hakutania.

"Shangazi, mutu wangu mi iko wapi?"

"Mungu njo anajua, mwanangu."

"Iko mahali. Pengine ni kijana wa Goma. Pengine ni mama moja wa Kanada. Siku bakimuita, ataenda kumuuliza shangazi yake. We unataka huyo shangazi amujibu nini?"

Mimi si mtu wa kukosa jibu. Nimewajibu polisi wa mpaka, nimewajibu wateja wenye mdomo mchafu, nimemjibu Mzee Cirimwami mbele ya parokia nzima. Nilimtazama mtoto wa kaka yangu, macho yake makubwa katika uso uliokonda. Nilikaa chini juu ya marobota ya vitenge. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, kwa sababu nilijua ni kweli: yule mtu wake yuko mahali, na anaye mtu anayempenda wa kumwambia asiende.

Vainqueur alikuna kichwa. "Na huyu mutoto," akauliza taratibu, "nikimupa, atakuwa ndugu yangu?"

"Mzee alisema ni zawadi," Benite akamjibu, na tabasamu likaanza kurudi upande mmoja wa mdomo. "Lakini ukitaka kuwa kaka yake, nani atakukataza? Huyo hauwezi kumuoa hata hivi."

Kijana akacheka. Akacheka vizuri, akafuta macho, akatoa simu yake moja kati ya mbili na kuwapigia watu wa chama. Nilisikia akisema ndiyo, ndiyo docteur, nitakuya.

Mzee Cirimwami aliamuru Vainqueur asindikizwe kama mtu anayekwenda kuposa. Hivyo uwanja wa ndege ulituona: makapera wote na mashati ya pasi, wanagombania kumbebea begi moja dogo, Mama Scholastique na ndagala zilizofungwa vizuri, akiapa kwamba Nairobi hakuna samaki, Mzee mwenyewe na hotuba ambayo askari wa mlangoni alimwomba aifupishe. Mimi nilikuwa nimekata kitenge kizuri kuliko vyote dukani, kile cha bluu na ndege wa njano nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya arusi ya Benite.

Nikamwekea Vainqueur mikononi. "Ukifika, umupe shangazi ya yule mutoto. Mwambie…"

Nikakwama. Hatamwona yule shangazi. Docteur alikwisha kutuambia: yeye atabaki Nairobi, chembe zake ndizo zitakazopanda ndege nyingine, na hakuna atakayejua zimetua nyumba gani. Kuna mwanamke mahali fulani amesimama kando ya kitanda cha mtoto, na mimi niliwahi kusema asiletewe kitu. Nililia pale pale mbele ya watu wote, mimi Marguerite, kwa sauti, bila kujifunika uso.

"Sasa nimupe nani, shangazi?" Vainqueur akauliza, kitenge kimemjaa mikononi.

"Jifunike nacho," nikamwambia. "Banasema ndani ya ndege kuna baridi."

Akajitanda mabegani, makapera wakamshangilia, akaingia ndani akitembea kama waziri. Tulibaki tukitazama mlango. Benite alikuwa ameshika simu yake, sauti imefunguliwa mpaka mwisho kama siku zote. Haikulia. Akanishika mkono, tukarudi dukani kungoja.